Mara Moja Tu

Alama zangu zilikuwa 104 kati ya 180. Anayepata 90 amefaulu. Nilizisoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya chakula chuoni, na nusura nipige kigelegele. Kisha nikashuka mstari wa chini. Kusikiliza: 17 kati ya 60. Pembeni kulikuwa na neno fupi la kunijulisha kwamba nimeanguka.

Mtihani wa Umahiri wa Lugha ya Kijapani una sheria ambayo wengi wetu huielewa baada ya kuumia. Jumla peke yake haitoshi. Kila sehemu ina kiwango chake cha chini, na katika ngazi ya N4 niliyofanya, kwenye kusikiliza ni lazima upate angalau 19. Msamiati, sarufi na kusoma vilinibeba vizuri. Masikio yakaniangusha kwa alama mbili. Nilikuwa nimesafiri kwa basi kutoka Dodoma hadi Nairobi, kupitia Arusha na Namanga, kwa hela niliyoidunduliza mwaka mzima, nikaenda kusikiliza sauti za watu nisiowajua wakiulizana wakutane stesheni gani.

Mtihani huu ulianza mwaka 1984 ukiwa na watahiniwa wapatao 7,000 dunia nzima. Siku hizi wanaojiandikisha kwa mwaka hupita milioni moja. Mwaka 2010 ulipangwa upya, kutoka ngazi nne kwenda tano, N5 ikiwa ya chini na N1 ya juu. Jambo moja linalowatisha wote, wa N5 na wa N1, ni kwamba kanda ya kusikiliza huchezwa mara moja tu. Ukipiga chafya, imepita. Ukiwa bado unatafuta maana ya neno la kwanza, sentensi imekwisha na swali la pili limeanza. Katika N4 sehemu hiyo huchukua dakika 35, na katika dakika hizo hakuna wa kumwambia “samahani, hebu rudia.”

Watu huniuliza kwa nini mwanafunzi wa uzamili wa historia ahangaike na Kijapani. Jibu langu ni refu kidogo, nalo linaanzia nyumbani.

Mimi ni wa Mwese, nyanda za juu upande wa magharibi ya Mpanda. Kwetu ni baridi, na wageni wanaofika kutoka mjini hushangaa kuona watu wamevaa masweta Katavi. Bibi yangu, mzaa mama, ni Mtongwe. Majirani zetu wengi ni wajukuu wa Wanyarwanda waliofikishwa Mwese kama wakimbizi katikati ya miaka ya 1960, baada ya kupitia Kongo. Wengi wa wakimbizi wa Kinyarwanda nchini walipewa uraia kuanzia mwaka 1980. Baadaye, si mbali na sisi, Warundi walifunguliwa makazi ya Mishamo mwaka 1978. Halafu wakaja Wasukuma na ng’ombe wao. Mtoto wa Mwese hukua akisikia lugha nne kabla hajafika shule, na mimi nilijiona nina masikio mazuri.

Ukienda magharibi kutoka kwetu, milima inashuka hadi Ziwa Tanganyika, na huko kuna Mahale. Huko ndiko Wajapani walikokuja.

Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Kyoto kilianza safari za kutafiti sokwe katika Tanganyika, chini ya Kinji Imanishi na mwanafunzi wake Junichiro Itani. Kambi ya kwanza ilikuwa Kabogo, ufukweni mwa ziwa. Sokwe waliwakimbia. Wakahamia bonde la Kasakati, na huko nako wakapata taabu. Mwaka 1965 kijana mmoja, Toshisada Nishida, aliweka kambi Mahale, na mwaka uliofuata alifanikiwa kuwazoesha sokwe wa kundi moja kwa kuwawekea miwa. Kazi aliyoianza inaendelea mpaka leo. Mwaka 1985 milima ile ikawa Hifadhi ya Taifa.

Historia hii husimuliwa kama historia ya sokwe. Mimi naisoma kama historia ya kusikiliza. Nchi ile ilikuwa ya Watongwe, na kijana aliyetoka Kyoto hakujua njia, chemchemi wala jina la mti wowote. Aliyejua alikuwa Mtongwe aliyetembea mbele yake. Sokwe hawaonekani kwa kutafutwa na macho, maana msitu umefunga. Hutafutwa kwa sikio. Asubuhi mtu husimama kimya kwenye mgongo wa kilima na kungoja wapige kelele, na aliyezoea anakuambia wako bonde gani na wanaelekea wapi. Miaka ya baadaye mtafiti John Mitani alilinganisha milio ya sokwe wa Mahale na ile ya sokwe wa Gombe, walio kaskazini kwenye ufuko uleule wa ziwa, akaona zinatofautiana, kana kwamba kila kundi lina lahaja yake.

Wajapani wale walijifunza Kiswahili njiani, na wengine wakaingia kwenye Kitongwe. Mwaka 1981 Nishida na mwenzake Shigeo Uehara walichapa orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Makoto Kakeya alikaa na Watongwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaandika wanavyolima, wanavyokula na wanavyokaribisha wageni, na akafundishwa uganga mpaka akafanywa mganga wa Kitongwe. Alifika kwa wakati. Operesheni Vijiji iliposhika kasi mwaka 1974, watu waliokuwa wametawanyika milimani kwa nyumba tatu au nne walihamishiwa vijijini, na maisha aliyoyaandika hayakurudi tena yalivyokuwa.

Sehemu ya maandishi hayo ipo kwa Kiingereza. Sehemu kubwa ipo kwa Kijapani. Ina maana kwamba mtoto wa Kyoto anaweza kusoma jinsi bibi zangu walivyopika ugali na kugawana asali, na mimi siwezi. Ndiyo sababu nilianza. Nilimpata mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, tukamwita Sensei kama wanavyoita wao, nikaanza na a, i, u, e, o.

Mwanzoni nilidhani Kijapani kimeumbwa kwa ajili ya Waswahili. Irabu ni zetu zilezile tano. Silabi nyingi huisha kwa irabu, kama kwetu. Hata ile “n” yao inayosimama peke yake haikunisumbua. Wao huhesabu neno *hon*, yaani kitabu, kuwa mapigo mawili: ho, n. Mwanafunzi wa Kiingereza huona ajabu, lakini sisi tuliofundishwa mizani ya ushairi sekondari tunajua kwamba “mtu” ni mizani mbili: m, tu. Washairi wetu na wao wanahesabu kwa vidole vya namna moja.

Hata kwenye majibu tulikutana. Kitabu changu cha kiada, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kilikuwa na ukurasa mzima wa kuonya kwamba Mjapani akiulizwa “hujala?” na kweli hajala, hujibu “ndiyo.” Nilisoma onyo lile mara tatu nikitafuta tatizo liko wapi. Hujala? Ndiyo, sijala. Mwese nzima tunajibu hivyo.

Basi kwa nini nilipata 17?

Baada ya matokeo Sensei alinipa zoezi dogo. Alinipa kipande cha mazungumzo cha dakika moja, akaniambia niandike kila ninachosikia, herufi kwa herufi, bila kutafsiri. Dakika moja ilinichukua jioni mbili. Nilipomletea, alitia alama nyekundu, na alama zile zikawa ramani ya makosa yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa urefu. *Obasan* ni shangazi na *obaasan* ni bibi. Niliandika shangazi kila alipotajwa bibi. Nilikereka, kwa sababu Kiswahili kina jambo hilo: kufa na kufaa ni irabu moja tu inayoongezeka, na hakuna Mswahili anayeyachanganya. Sensei aliniomba niyatamke polepole. Ndipo nikasikia kitu nilichokuwa nikikisema maisha yangu yote. Katika “kufa” mkazo uko kwenye ku. Katika “kufaa” unahamia kwenye fa. Sikio langu lilikuwa halipimi urefu hata kidogo. Lilikuwa linafuata mkazo, unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo. Sauti hupanda na kushuka tu, na pigo la ziada hupita kama mtu anayenyata.

Nilipowasimulia majirani wa nyumbani walicheka. Kinyarwanda kina maneno mawili yanayoandikwa sawasawa, *gusura*. Moja ni kumtembelea mtu. Jingine ni kujamba. Urefu wa irabu ndio unaoyatenganisha, na nilipokuwa mdogo niliwahi kuiambia familia nzima, kwa heshima zote, kwamba mama amenituma nije niwafanyie lile la pili. Somo nililikuwa nalo tangu nikiwa na miaka sita. Nililihifadhi kama kichekesho.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwetu, anayekataa hukataa mlangoni. Sitaki. Hatuendi. Haji. Silabi ya kwanza imeshakueleza kila kitu, na mengine yote unaweza kuyasikiliza huku unakoroga chai. Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na kukanusha huja mwisho wa kitenzi. *Kinō toshokan ni ikimasen deshita.* Jana, maktaba, kwenda, na hapo hapo ukishafika ndipo unaambiwa: haikuwa. Mimi nilikuwa nikisikia jana, maktaba, kwenda, nakimbilia kuweka tiki kwenye picha ya maktaba. Yule mtu alikuwa nyumbani kwake amelala.

Watunga mtihani wanaijua tabia hiyo. Wazungumzaji wao hupanga kukutana saa nne, kisha mmoja husema *yappari*, yaani la, tuseme hivi, na saa nne inakuwa saa tano. Au mmoja anaalikwa sinema Jumamosi, naye anajibu, *Doyōbi wa chotto...* Jumamosi kidogo... na anaishia hapo. Sentensi haikuisha, na hiyo ndiyo hapana. Nilipoambiwa nilimkumbuka kila mzee wa kwetu aliyewahi kuombwa mchango wa harusi akasema, “Tutaangalia, mwanangu.”

Sensei alinifundisha pia wanavyofupisha. Vitabuni ni *-te iru*, mdomoni ni *-teru*. *De wa* huwa *ja*. *-Te shimau* huwa *-chau*. Kama vile mgeni aliyejifunza “nimekwisha kula” darasani atakavyoduwaa akisikia “nshakula.” Kila siku nilisikiliza dakika tano. Nilisema pamoja na sauti ile, nyuma yake kwa nusu sekunde, kama mtoto anayemfuata mama sokoni ameshika khanga yake. Wanaita kivuli. Sikuruhusiwa kusimamisha kanda. Neno likinipita, nililiacha liende nikalishika linalofuata. Hilo la kuliacha lilinichukua miezi.

Siku moja Sensei alinieleza kwamba kitenzi chao cha kusikiliza, *kiku*, ndicho pia cha kuuliza. Ukisema umekwenda kwa mwalimu kwa *kiku*, ni umekwenda kumuuliza au kumsikiliza, na wao hawaoni haja ya kukutenganishia. Nilifikiri juu ya Kiswahili. Kusikia kwetu kumekwenda upande mwingine: twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia njaa na baridi. Mtoto anayefuata anayoambiwa twamwita msikivu. Kuuliza tumekuweka mbali.

Likizo ilipofika nilikwenda Mwese kufanya usaili wa tasnifu yangu. Nilikuwa naandika juu ya wenyeji waliowabebea mizigo na kuwaongoza watafiti katika nchi ya Watongwe. Babu yangu, marehemu, alikuwa mmoja wa waliokwenda na Wajapani kwa miezi kadhaa, naye alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kufa. Aliyebaki ni bibi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja na redio?”

Ilikuwa kinasa sauti. Nilikiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, tukakaa nje kwenye jua la asubuhi, maana ndani kulikuwa na baridi. Nilikuwa na maswali 34 kwenye daftari, yamepangwa kwa sehemu nne, kama mwongozo wa kitivo unavyotaka. Tuliongea saa moja na nusu. Niliondoka nimeridhika kabisa.

Nilianza unukuzi nikiwa nimerudi Dodoma. Kwa sababu ya mazoezi ya Sensei nilikuwa na tabia mpya ya kuandika kila kitu, mpaka vikohozi. Nilipofika dakika ya 22 nilisimama. Bibi anasema: “Babu yako akirudi kutoka kwa Wajapani alikuwa hasemi siku mbili, kwa sababu...” Na sauti yangu, changa, ya haraka, ya mtu mwenye daftari: “Huo ulikuwa mwaka gani, bibi?”

Kimya kidogo. “Mwaka sijui. Ulikuwa wa njaa.” Baada ya hapo anasimulia njaa. Harudi kwa babu.

Niliusikiliza ukanda ule tena tangu mwanzo, na sasa nilikuwa nahesabu. Nilimkatiza bibi mara 19. Mara nyingine nilimmalizia sentensi, kwa neno nililolitaka mimi, naye kwa adabu akalikubali: “Ee, hivyo hivyo.” Kwenye daftari yale yalikuwa majibu. Kwenye ukanda yalikuwa tiki ninazozikimbilia kabla kitenzi hakijafika.

Wajapani wana neno kwa vile visauti anavyotoa msikilizaji ili msemaji ajue yupo: *hai, ee, naruhodo*. Huviita *aizuchi*, na neno lenyewe lilitoka kwa wahunzi: wawili wanapofua chuma kimoja, huyu anapiga, yule anapiga, kwa zamu. Kwa jirani zetu Wafipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuri ndefu za udongo, maana hiyo isingehitaji maelezo. Nyundo ya pili ina wakati wake. Ikishuka mapema, inampiga mwenzako mkono.

Nilipopata nafasi nilirudi Mwese. Safari hii nilikwenda na swali moja. Nilimpa bibi sukari na majani ya chai, nikangoja mpaka alipomaliza kupepeta, nikamuuliza kwa upole kwa nini babu alikuwa hasemi siku mbili.

Aliniangalia kwa muda. “Hilo nimeshasema.”

“Hukumaliza, bibi.”

“Nilisema. Ulikuwa unaongea.”

Hakukasirika. Alicheka, akanipa ungo nimsaidie. Kwa siku nne nilizokaa nilijaribu kulizunguka swali hilo kwa njia zote nilizofundishwa, na kila mara alinisimulia kitu kingine, kizuri, kilichokamilika. Alinisimulia asali ya mizinga. Alinisimulia njia ya kuteremka ziwani kubeba dagaa, walikolala na walichoogopa. Nilikaa kimya, nikisema “mm” na “ehee” pale anapovuta pumzi. Nina saa sita za ukanda, na katika saa hizo sauti yangu haisikiki sana. La babu halimo.

Nikiwa kule nilikuwa nafikiria tukio moja ambalo wanaosoma habari za Mahale wanalijua. Novemba 1987 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Michael Huffman, Mmarekani, alikuwa akimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Pamoja naye alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mfanyakazi wa hifadhi na mjuzi wa dawa za miti. Chausiku alionekana mgonjwa. Alikwenda kwenye kichaka, akamenya tawi, akatafuna kiini na kunyonya maji yake machungu. Huffman alitaka kujua ni mti gani. Mohamedi alimwambia unaitwa mjonso, na kwamba ni dawa kali. Watongwe huutumia kwa maradhi ya tumbo. Waganda wanauita mululuza. Siku ya pili yake Chausiku alikuwa amepata nguvu. Makala waliyoitoa mwaka 1989 ina majina ya watu wawili, Huffman na Seifu, nayo ni miongoni mwa makala zilizofungua uwanja mzima wa kuchunguza jinsi wanyama wanavyojitibu.

Huffman angeweza kuandika kwamba sokwe alikula jani chungu, akafunga daftari. Alichofanya ni kuuliza na kisha kunyamaza mpaka mwenye kujua akamaliza. Na jina la aliyejua likaandikwa. Wengine wengi waliotembea mbele ya watafiti, babu yangu akiwamo, wamebaki katika maandishi kama “wasaidizi wenyeji.” Wapo waliosikilizwa vizuri na hawakutajwa. Hilo nalo ni sehemu ya tasnifu yangu, na nimeliandika bila kumpaka mtu mafuta. Ila sasa naliandika nikijua kwamba mimi, mjukuu, mwenye lugha, mwenye kinasa sauti na chai mezani, nilipata nafasi ambayo hakuna mtafiti wa Kyoto aliyeipata, nikauliza mwaka.

Desemba iliyofuata nilipanda tena basi la Nairobi. Chumbani tulikuwa wachache, wengi wao Wakenya, kijana mmoja anayetaka kwenda kusomea uhandisi, dada mmoja anayeongoza watalii. Tuliambiwa tuzime simu. Msimamizi aliijaribu kanda, sauti ya mwanamke ikatusalimia, kila mtu akainama.

Sikushika kalamu. Nilikuwa nimejiwekea mwiko huo: mkono unabaki mapajani mpaka kitenzi kifike. Mwanamume alisema watakutana mbele ya benki. Nilingoja. Mwanamke akasema benki Jumapili kuna watu wengi. Nilingoja. *Yappari.* Basi mbele ya duka la maua. Mwanamume akasema duka la maua siku hiyo... akaishia hapo. Nilitabasamu peke yangu kama mwehu. Yalinipita maneno mengi, nikayaacha yaende.

Mwishoni mwa Januari nikapata 33 kati ya 60 kwenye kusikiliza. Nimefaulu N4. Kutoka hapo mpaka kuweza kuyasoma maandishi ya Kakeya kwa Kijapani ni safari ndefu, na nimeshaanza N3, ambayo kusikiliza kwake ni dakika 40 na bado huchezwa mara moja. Siku nilipojaribu kusoma kichwa cha habari kimoja juu ya nchi yetu, nilikwama kwa muda kwenye neno “Mahare,” mpaka nikakumbuka kwamba mwandiko wao hautofautishi l na r. Ni Mahale yetu, imeandikwa kama ilivyosikika kwenye sikio la Kyoto.

Nilipompigia bibi simu kumweleza, mtandao wa Mwese ulikuwa unakatika. Alielewa kwamba nimefaulu mtihani wa kusikiliza. Aliniuliza kama kuna watu wanaoufeli.

Tasnifu nimeikabidhi mwezi uliopita. Katika kiambatisho, kwenye usaili wa kwanza, dakika ya 22, sentensi ya bibi imenukuliwa ilivyo, na nukta tatu baada ya “kwa sababu.” Msimamizi wangu alipendekeza niiondoe, maana haina habari kamili. Nimeiacha, nikaongeza maneno machache ndani ya mabano ya mraba: [hapa mhojaji anakatiza].